Matembezi ya Mchana Tukuyu: Nani Atabaki na Sufuria?



Katika vikundi vingi vya kuwekeana fedha makazini, akiba inayobaki mwisho wa mwaka hugawanywa, kila mwanachama akaenda na fungu lake, na kabla ya juma kwisha fungu limeishia dukani. Vipo lakini vikundi vinavyoona heri akiba hiyo iwatoe wanachama pamoja na jamaa zao nje ya mji, wakapumue kwa siku mbili kisha warudi kazini. Kikundi kimoja cha namna hiyo kutoka Mbeya, chenye watu wazima kumi na wanane na watoto tisa, kinakusudia kwenda Tukuyu na kulala katika nyumba ya wageni huko Kawetele usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Wanatuuliza: mchana tufanye nini?

Pamoja na swali wameleta orodha. Humo mna Ziwa Ngosi, kilele cha Mlima Rungwe, Daraja la Mungu, Kijungu, maporomoko ya Kaporogwe, Ziwa Masoko, na ikiwezekana ufuko wa Matema kule Ziwa Nyasa. Yote hayo kwa siku mbili! Orodha ya aina hii huandikwa na mtu aliyeketi na ramani mapajani. Kilele cha Rungwe peke yake, chenye urefu wa mita zipatazo 2,960, humla mtu mwenye miguu mizuri siku nzima, kwenda na kurudi. Matema nako ni safari nyingine kabisa, ya wilaya nyingine na hewa nyingine, na wanaokwenda huko yafaa walale huko.

Chini kabisa ya orodha pameandikwa maneno machache ambayo ndiyo yaliyotufanya tuichukue barua hii kabla ya nyingine: "Akina mama watashughulikia chakula." Maana yake, ndugu zetu, ni kwamba wanawake tisa waliokuwa wakichanga sawa na waume zao mwaka mzima watatoka jiko la Mbeya na kwenda kupiga magoti mbele ya jiko la Kawetele. Watamenya ndizi, watakuna nazi waliyoibeba kutoka nyumbani, watabembeleza watoto waliochoka, na jioni watasimuliwa jinsi Ngosi ilivyopendeza. Tutarudi kwenye jambo hili, kwa sababu fedha ya kuliondoa ipo ndani ya mpango wenu wenyewe.

Tuanze na mbingu. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zinazopata mvua nyingi mno: hupimwa kati ya milimita 900 na 2,700 kwa mwaka, kwa kadiri ya mahali. Mvua kubwa huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndiyo mama yao. Juni, Julai na Agosti mvua hupungua, lakini baridi na ukungu hushika, na manyunyu hayakosi. Mwenye uhuru wa kuchagua achague Septemba au Oktoba. Na hata katika miezi hiyo, jambo lolote linalohitaji kupanda au kutazama mbali lifanywe asubuhi. Asubuhi Mlima Rungwe huonekana umesimama wazi kama mtu aliyeoga. Mchana ukishageuka mawingu hushuka, na mgeni aliyelala hadi saa tatu atarudi Mbeya akisema mlima wenyewe hakuuona.

Sasa tuitazame njia. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita zipatazo 70. Barabara hukata kusini pale Uyole na kupanda kwanza kabla ya kushuka. Ziwa Ngosi halipo Tukuyu. Lipo njiani, karibu nusu ya safari, kabla hujafika mji wa Kiwira. Mwenye kulala Kawetele Ijumaa ili Jumamosi aende Ngosi atairudia njia ile ile aliyopita jana yake, kwa mafuta yale yale ya gari. Tena Ijumaa mtakuwa mmetoka kazini jioni, na safari itakuwa ya usiku, katika barabara ya kona na ukungu, watoto wakiwa wamelala magotini. Kwa nini?

Shauri letu ni hili. Futeni usiku wa Ijumaa. Laleni kwenu, muondoke Mbeya Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mshuke penye njia ya Ngosi kabla jua halijawa kali. Ile kodi ya vyumba vya usiku mmoja kwa watu ishirini na saba, Ndugu Mweka Hazina asiirudishe mfukoni. Aitumie kumlipa mama lishe wa Tukuyu apike chakula cha Jumamosi jioni na cha Jumapili mchana. Mpigieni simu siku chache kabla, mpatane idadi, na mpeni kitangulizi ili akanunue mapema. Ndizi zimejaa huko, maharage, viazi mviringo, maziwa na maparachichi vivyo hivyo. Mbalaga, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, hailingani na pilau kwa heshima ya sherehe, lakini hakuna mwanachama atakayekufa kwa kukosa pilau siku mbili.

Kuhusu Ngosi yenyewe tuseme wazi, maana hapa ndipo vikundi hugombana. Ni ziwa lililojaa ndani ya tundu la volkano ya zamani, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi, limezungukwa na kuta za msitu pande zote. Ukitoka barabara kuu hadi chini ya mlima ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, isipokuwa kama njia ni kavu na gari lenu laweza kusogea. Halafu kuna kupanda msituni, saa moja au zaidi, penye mizizi na utelezi. Chukueni kiongozi wa kijijini na mumlipe vizuri. Njia za msituni huchanganya, na ukungu hauombi ruhusa. Mkifika ukingoni, tazameni ziwa kutoka hapo juu. Kushuka hadi majini ni mteremko mkali, na kikundi chenye watu wa kila umri hakina sababu ya kuujaribu.

Mtoto wa chini ya miaka kumi, mwenye mimba, na mzee ambaye magoti yake yamekwisha kumwambia ukweli, wasipande. Hawa waendelee na gari hadi Tukuyu, na wakishapumzika wapelekwe Ziwa Masoko, kusini-mashariki ya mji. Hili nalo ni la volkano, ila mtu hulifikia bila kupanda mlima, na kando yake yamebaki majengo ya kambi ya askari wa Kijerumani. Wenyeji husimulia kwamba Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa silaha na fedha zao ziwani. Watoto watalipenda simulizi hilo kuliko mlima wowote. Saa sita gari lianze kurudi kuwachukua waliopanda.

Lakini nani awasindikize watoto Masoko? Tunajua jibu litakalotolewa kabla swali halijaisha. Sisi tunapendekeza kura, vikaratasi ndani ya kofia, na wazazi wote wawili waandikwe. Baba aliyeangukiwa na kura awaogeshe watoto matope, awagawie vitafunio, awahesabu kila mara wanapoukaribia ukingo wa maji. Mkewe apande Ngosi. Tumewahi kusikia ikisemwa kwamba wanawake wenyewe hawapendi kupanda milima. Ajabu ni kwamba wasemao hivyo hawajawahi kuwauliza, na mwanamke wa Rungwe anayeshuka mashamba ya chai na mzigo kichwani hajapata kuulizwa pia.

Jumapili msifanye mambo mengi. Watakaokwenda ibadani waende ya mapema. Wengine watembee kwa miguu kutoka Kawetele hadi sokoni, wasalimiane na watu. Ukiambiwa "ugonile" itikia "ndaga" na utapata tabasamu. Wapenzi wa kandanda wawaeleze vijana kwamba mji huu mdogo ndio uliotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania wa mwaka 1986. Kisha kuleni mapema, fungasheni, muondoke saa saba.

Daraja la Mungu na Kijungu ni vya njia ya kurudi, kwa kuwa njia yake huchepuka upande wa magharibi wa barabara kuu. Daraja ni mwamba uliovuka Mto Kiwira bila mkono wa fundi: lava iliganda, na maji yakapata njia chini yake. Kijungu ni mahali ambapo mto huo huo unaingia katika tundu la mwamba lenye umbo la chungu, ukazunguka humo kwa kishindo na kutokea ng'ambo. Kipo katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, kwa hiyo mwenyekiti aombe ruhusa langoni kwa adabu, na mtu asipige picha kabla ya kuuliza.

Miamba ya Kijungu huwa na majimaji na ukingo hauna huruma. Kila mtoto ashikwe mkono na mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kabla ya kushuka garini. Mkisema "tutawaangalia wote" hakuna atakayemwangalia yeyote. Mna watoto tisa na watu wazima kumi na wanane. Mikono inatosha na inabaki. Saa kumi gari liwe linaelekea Uyole.