Tunduma yabeba mzigo, mapato yapita

Asubuhi Tunduma malori ya kwenda Zambia na Kongo yamejipanga barabarani. Dereva anasonga ugali kando ya tairi, na mama muuza ndizi anapenya katikati ya matela, beseni kichwani. Kodi za forodha zinazolipwa hapa mpakani hukusanywa na Mamlaka ya Mapato (TRA) na kwenda Hazina. Taka, vyoo na msongamano vinabaki kwa Halmashauri ya Mji.

Hatupingi forodha kuwa ya taifa. Mpaka ni wa nchi nzima. Tunauliza kinachorudi. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka bila fedha ni jina tu. Nchi hii iliwahi kuzifuta halmashauri mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za 1982, na hata leo mkurugenzi wa halmashauri huteuliwa na Rais, si na madiwani waliopigiwa kura. Kodi ya majengo, iliyokuwa ikikusanywa na halmashauri, nayo ilihamishiwa TRA. Tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, inazihakikishia kaunti zake 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Tanzania Bara haina majimbo ya namna hiyo, wala hatuyadai. Tunachodai ni sheria itaje sehemu ya mapato ya mpakani itakayobaki Tunduma. Wabunge wa mkoa wetu wa Songwe, ipelekeni hoja hiyo Dodoma.