Programu Huria Si Jalala

Wapo wanaodhani kwamba programu huria, kwa kuwa ni mali ya wote, haina budi kupokea msimbo wa kila ajaye nao. Dhana hiyo ni potofu. Kisima cha kijiji nacho ni cha wote, lakini hakuna aruhusiwaye kutia humo chochote apendacho.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland, ni mfano ulio wazi. Kiini chake ndicho kinachoendesha simu za Android. Toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, likiwa limekusanya kazi ya watu zaidi ya 1,000, ambao wengi wao hawajapata kuonana. Kinachowaunganisha ni kanuni.

Atakaye kubadili msimbo hutuma kiraka, na kila kiraka kiwe na jambo moja tu. Anayesahihisha kosa na papo hapo kupanga upya mistari ya faili zima hurudishiwa kazi yake akaigawe. Kwani hitilafu ikizuka baadaye, kiraka kimoja chaweza kuondolewa bila ya kuvuruga vingine. Aidha, hutakiwa aeleze, si alichobadili tu, maana hicho chaonekana, bali sababu ya kukibadili. Kanuni hii hudharauliwa mno na vijana, nayo pengine ndiyo yenye thamani kuliko zote. Miaka 10 ikipita mwandishi huenda hayupo. Maelezo yake yapo. Tena, tangu mwaka 2004, kila mtumaji hutia sahihi kwamba anayo haki ya kuutoa msimbo huo.

Hata hivyo, kanuni peke yake hazitoshi. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu mmoja alikuwa ameficha mlango wa siri katika xz, programu itumikayo kubana mafaili. Kwa zaidi ya miaka 2 alikuwa ametoa michango kwa adabu na subira, hata akakabidhiwa madaraka. Andres Freund, mhandisi wa programu, ndiye aliyeufichua hila huo, baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Msimamizi wa xz alikuwa mtu mmoja, akijitolea bila malipo, ilhali makampuni makubwa yalitumia kazi yake. Ni haki kumdai mchangiaji nidhamu. Si haki kutomdai chochote mtumiaji tajiri.

Wala ukali wa kanuni usichanganywe na ukali wa ulimi. Torvalds mwenyewe aliomba radhi mwezi Septemba 2018 kwa maneno yake makali, na mwezi huo huo Linux ikapata kanuni za mwenendo.

Mwanafunzi wa sekondari asingoje mpaka awe bingwa. Aweza kukijaribu kiraka cha mwingine katika kompyuta ya shule na kuandika aliyoyaona. Linux ina mstari maalumu, chini ya maelezo ya kiraka, wa kuandikia jina la aliyekipima.