Bei ya pombe isishushwe kwa saa

Katika baa na hoteli nyingi za Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala, hepi awa ni ule muda, aghalabu jioni watu wanapotoka kazini, ambapo bei ya vinywaji hushushwa au mteja hununua kimoja akapewa cha pili bure. Jina hilo limezoeleka hata wengi wanaichukulia ofa hiyo kuwa ukarimu wa mwenye baa, sawa na viti vizuri na muziki. Kwa maoni yangu, hiyo ni mbinu ya biashara inayomsukuma mtu anywe pombe nyingi zaidi kwa muda mfupi zaidi, na serikali zetu zina sababu za kutosha kuipiga marufuku. Sidai baa zifungwe, wala sina ugomvi na mtu mzima anayekunywa bia yake baada ya kazi. Ninachotaka ni kitu kimoja: bei ya saa 11 jioni iwe ndiyo bei ya saa 3 usiku.

Tazama ofa hii inavyofanya kazi mezani. Ubao mlangoni umeandikwa kwamba ofa inaisha saa 1 usiku. Mteja anaagiza bia moja, zinakuja mbili kwa pamoja, zote baridi. Asipoimaliza ya kwanza haraka, ya pili itapata joto, kwa hiyo anaharakisha bila hata kujua. Ikibaki robo saa, mhudumu anapita meza kwa meza akiuliza kama aongeze kabla bei haijarudi. Aliyekuwa ametosheka anaagiza tena, kwa kuwa kukataa sasa kunaonekana kama kutupa pesa. Shida ni kwamba ini halijui habari za ofa. Kwa kawaida huhitaji takriban saa nzima kuondoa pombe ya kinywaji kimoja cha kipimo cha kawaida, na kiwango cha pombe kwenye damu huweza kuendelea kupanda baada ya mtu kuweka glasi chini. Aliyekunywa vinne ndani ya saa moja na nusu anaingia kwenye gari lake, au anapanda bodaboda, wakati ulevi wenyewe ndio kwanza unapamba moto.

Ushahidi kwamba mbinu hii huongeza unywaji ni wa zamani. Mwaka 1978 Thomas Babor na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa wanaume waliojitolea, baadhi wanywaji wa kawaida na wengine wanywaji wa kupindukia. Nusu yao walinunua pombe kwa bei moja muda wote. Waliobaki walipewa punguzo kwa saa 3 kila alasiri. Waliopewa punguzo walikunywa zaidi kwa kiwango kikubwa, na hilo lilionekana kwa wanywaji wa kawaida na kwa wale wa kupindukia. Bei ya kawaida iliporudishwa, unywaji ukashuka. Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo, kwa sababu wateteaji wa ofa hizi hupenda kusema kwamba mlevi atalewa tu na mwenye kiasi atabaki na kiasi chake. Jaribio hilo lilionyesha kuwa hata mwenye kiasi husukumwa.

Wapo waliolichukua jambo hili kwa uzito. Jimbo la Massachusetts lilipiga marufuku hepi awa mwaka 1984, baada ya msichana wa miaka 20 kufa katika mji wa Braintree mwaka uliotangulia, kufuatia jioni ya bia za bure zilizotolewa kama zawadi ya mchezo wa baa. Ireland ilikataza mwaka 2003 kushusha bei ya pombe kwa saa chache za siku. Scotland ilichagua njia ya werevu zaidi: kuanzia Septemba 2009, baa ikibadilisha bei lazima ikae nayo saa 72. Mwenye baa bado ana uhuru wa kupanga bei yake. Alichonyang'anywa ni saa ya kumkimbiza mteja.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kanada. Jimbo la Ontario nalo lilipiga marufuku ofa hizi katikati ya miaka ya 1980, na watafiti waliofuatilia hawakuona mabadiliko ya maana katika unywaji wala katika mashtaka ya kuendesha gari kwa ulevi. Siwezi kulipita hilo kimyakimya. Linatufundisha kwamba marufuku hii peke yake haitoshi, kwani baa iliyozuiwa kushusha bei kwa saa 2 inaweza kuishusha siku nzima. Ndiyo maana Scotland haikuishia hapo. Mwaka 2018 iliweka kima cha chini cha bei ya pombe, na tathmini ya mwaka 2023 ikakadiria kwamba vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe vilikuwa pungufu kwa asilimia 13.4 kuliko ambavyo vingekuwa bila hatua hiyo. Hatua ya kwanza kuwa ndogo si sababu ya kutoipiga.

Wengine watasema bei ikibanwa, watu watakimbilia chang'aa na gongo. Hofu hiyo ina msingi pale kodi inapopandisha bei ya bia ya mtu wa kipato cha chini. Lakini mteja wa ofa ya jioni katika hoteli ya mjini hatakwenda kutafuta gongo kichochoroni kwa sababu amelipa bei ile ile ambayo hoteli humtoza kila siku ofa ikiisha. Wengine watasema tunaua starehe ya kukaa pamoja. Hao wakumbuke kwamba jina hili linahusishwa na manowari ya Marekani USS Arkansas, ambayo mabaharia wake, yapata mwaka 1913, walikuwa na saa zao za burudani zenye ndondi, muziki na filamu. Mwaka 1914 jeshi la majini la Marekani lilipiga marufuku pombe melini. Watu walikuwa wakichangamka pamoja kabla kinywaji cha bei nusu hakijabandikwa jina hilo.

Sisi si wageni wa sheria za namna hii. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2010 iliyojulikana kama sheria ya Mututho, iliamua baa zisiuze kabla ya saa 11 jioni siku za kazi. Tanzania iliondoa viroba, yaani pombe ya vifuko vidogo, sokoni Machi 2017, kwa sababu namna ile ya kufungasha pombe ilirahisisha ulevi. Nchi zote mbili zimekwisha kukubali kwamba namna pombe inavyouzwa ni jambo la afya ya umma. Basi mabunge yetu yaongeze kifungu kimoja: bei ya kinywaji ikitangazwa, idumu siku 3, na ofa ya nunua moja upate moja ifutwe. Mwenye baa hatapoteza leseni wala uhuru wa kushindana kwa huduma, chakula na muziki, na mteja ataamua mwenyewe imetosha lini.