Ruzuku ya Nishati Ipimwe kwa Kuni Zilizosalia

Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, serikali kadhaa za nchi za baridi zilianza kutoa fedha za umma ili kupunguza joto linalovuja katika nyumba za raia. Marekani ilianzisha mpango wa namna hiyo mwaka 1976 kwa ajili ya kaya zenye kipato kidogo, na Bunge la Uingereza likapitisha sheria yake mwaka 1978. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kutandaza pamba ya kioo juu ya dari, kuziba nyufa za milango na madirisha, kulivika tangi la maji ya moto. Nyumba iliyotendewa hivyo huhitaji fueli kidogo zaidi kila majira ya baridi, hata kama mwenyewe hajui kanuni moja ya fizikia, kwani pamba ile ikishalazwa haimdai tena hata senti.

Nchini Tanzania joto jingi la nyumbani hupotea jikoni, na huko ndiko ruzuku ya serikali ilikoelekezwa. Mkakati uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Wakala wa Nishati Vijijini nao umesambaza mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa nusu ya bei. Ni hatua njema, wala haifai kubezwa. Lakini mtungi si pamba ya kioo. Faida yake hukoma siku gesi inapokwisha, na siku hiyo mama wa nyumba hurudi dukani akiwa na fedha zake mwenyewe, au hurudi msituni.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kilo moja ya gesi hutoa takriban megajuli 46 za joto. Jiko la gesi hufikisha kiasi cha nusu ya joto hilo katika sufuria. Mtungi wa kilo 6 basi huipa sufuria karibu megajuli 140. Kilo moja ya kuni kavu hutoa megajuli 16 hivi, na mafiga matatu hufikisha sufuriani asilimia 12 tu au pungufu, yaani megajuli 2. Hivyo mtungi mmoja huokoa kuni zipatazo kilo 70. Ni nyingi kwa familia moja, lakini huokolewa mara moja tu, isipokuwa mtungi ujazwe tena.

India imekwisha kulipitia jambo hili. Mwezi Mei 2016 ilianzisha mpango uitwao Ujjwala wa kuwaunganishia gesi wanawake wa kaya maskini, na kufikia Septemba 2019 kaya milioni 80 zilikuwa zimefikiwa. Nyingi kati ya hizo zilijaza mitungi mara chache kwa mwaka, na ziliendelea kuwasha kuni na samadi kavu kandokando ya jiko jipya. Mwaka 2022 serikali ilianza kuzilipia rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa upya, ikaongeza hadi 300 mwaka uliofuata. Yaani ruzuku ilihamishwa kutoka kwenye chombo kwenda kwenye moto.

Mahali ambapo shilingi ya ruzuku ingeokoa kuni nyingi zaidi ni jiko la shule ya bweni. Hapo moto huwaka kila siku, mahali pamoja, chini ya masufuria makubwa. Mwaka 2023 serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, ikaweka tarehe za mwisho katika miaka ya 2024 na 2025. Nia ni sahihi. Lakini shule iliyo mbali na ghala la gesi, isiyo na fungu la kujazia mitungi, itatii agizo mchana na kuwasha kuni alfajiri. Kwa shule kama hiyo, jiko banifu la matofali linalokumbatia sufuria hadi shingoni, lenye ufanisi wa asilimia 25, lingepunguza kuni kwa nusu tangu juma la kwanza. Hata banda la mabati la kukaushia kuni lastahili ruzuku. Mti uliokatwa leo waweza kuwa nusu maji, na kila kilo ya maji hayo hula zaidi ya megajuli 2 ili igeuke mvuke (jambo ambalo wapishi wa shule hulijua bila kufundishwa, maana ni wao wanaolia kwa moshi).

Ingefaa basi ruzuku ya taasisi igawanywe: sehemu ya kwanza ilipwe jiko linapojengwa, ya pili baada ya upimaji. Fueli ipimwe kwa juma zima kabla ya ujenzi na kwa juma zima baada yake, chakula kikiwa kilekile na sahani zikiwa idadi ileile. Wanafunzi wa fizikia waweza kufanya kazi hiyo chini ya mwalimu wao. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi stoo yatosha, mradi kuni za majuma yote mawili ziwe kavu kwa kiwango kimoja.