AMRI ZIKIGEUKA, NANI ATAMWAMBIA MFANYA KAZI?

Ndugu wanachama,

Wengi wetu tunaikumbuka Ijumaa ya tarehe 18 Juni, 2021. Jana yake Waziri wa Afya, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba katika kaunti 13 za upande wetu huu wa ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia na nyinginezo, mtu asionekane nje tangu saa moja ya jioni mpaka saa kumi ya alfajiri, kwa sababu ya korona. Mahali pengine katika Kenya saa ilibaki nne ya usiku.

Mimi wakati ule nilikuwa jikoni katika hoteli moja ya mjini. Asubuhi tulimwuliza msimamizi, "Leo tutatoka saa ngapi?" Akajibu kwamba yeye hajaletewa karatasi, na maneno ya redio si amri. Tukafunguliwa mlango saa moja kasorobo. Matatu za watu 14 zilikuwa zikichukua watu 8 tu, tena nauli imepanda. Wenzetu wa Manyatta wakaenda mbio kwa miguu, na mmoja akakamatwa njiani, akalala kituoni. Tajiri hakumsaidia hata senti moja.

Sisemi kwamba Serikali ilikosa kugeuza amri. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ukigeuka, na ile aina ya Delta ilijaza hospitali zetu. Lakini hesabuni wenyewe. Machi 2020 saa ya kuwa nyumbani ilikuwa moja ya jioni. Juni ikawa tatu, Septemba ikawa tano, Novemba ikarudi nne, na Juni 2021 sisi wa ziwani tukarudishwa kwenye moja. Usiku ulifunguliwa tarehe 20 Oktoba, 2021. Fikirini mvuvi wa omena wa Dunga, ambaye kazi yake ni ya usiku kwa taa: saa za amri zilikuwa ndizo saa zake za kazi. Kila mara amri ilipogeuka, mkubwa alikuwa wa kwanza kuijua, na mfanya kazi alikuwa wa kwanza kulipa.

Tena liko jambo baya zaidi. Saa zetu zilipopunguzwa, mshahara ulipunguzwa theluthi moja, kwa mdomo tu. Hatukukataa, maana tuliona hoteli haina wageni. Lakini wageni waliporudi, saa zilirudi na ile theluthi haikurudi. Tulipodai, tuliulizwa, "Mlikubaliana na nani? Karatasi iko wapi?" Hatukuwa na karatasi.

Ndugu zangu, hapo kosa lilikuwa letu pia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 10, inasema kwamba mambo ya mkataba yakibadilika, tajiri ashauriane na mfanya kazi na amjulishe kwa maandishi. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inataka kila mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, nao wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Hotelini kwetu tulikuwa zaidi ya 20. Kamati hatukuwa nayo, wala hatukuiuliza. Tulikuwa tukisikiliza habari za simu, na mwenzetu mmoja alikaa nyumbani siku nne kwa sababu ya uvumi kwamba hoteli zote zimefungwa. Siku zile hakulipwa.

Wengine watasema korona imepita, ya nini kufukua kaburi? Nawajibu kwamba Ebola ilitokea Uganda mwaka 2022, na tena mwaka 2025, na barabara ya Kampala inapita hapa kwetu. Amri nyingine zaweza kuja wakati wo wote.

Basi nashauri mambo matatu. Kwanza, kila tawi lidai kamati ya usalama na afya sasa, wakati hakuna hatari. Pili, kila mahali pa kazi achaguliwe mtu mmoja wa kusoma amri yenyewe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kuibandika ukutani kwa Kiswahili na Kijaluo, siku ile ile. Tatu, mtu ye yote asikubali saa au mshahara mpya bila karatasi yenye tarehe ya kuanza, na tarehe ya kwisha. Hiyo ya kwisha ndiyo tuliyoikosa sisi.

Tajiri mwema hataogopa karatasi, maana inamlinda yeye pia. Na akikataa, asikatae mbele ya mtu mmoja, akatae mbele ya tawi zima. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama wa Kisumu