Mtu wa Kawaida Ndiye Bidhaa

Zungumzia kampuni zinazouza taarifa za mahali watu walipo na jibu utakalopata ni lile lile, uwe Kariakoo au Gikomba: "Mimi mtu wa kawaida tu, nani atahangaika kunifuatilia?" Si mbunge, si jambazi, hana kesi na mtu. Afuatiliwe kwa lipi?

Anayesema hivyo ana picha ya mpelelezi mwenye miwani myeusi, kajibanza ndani ya gari, anamngoja mtu mmoja. Biashara hii haimngoji mtu. Inawazoa wote, na mnunuzi ndiye atakayechagua baadaye. Mtengenezaji wa programu ya simu, tuseme ya hali ya hewa au ya mchezo, hupewa kijiprogramu akipachike ndani ya kazi yake, naye hulipwa kadiri ya wingi wa watumiaji wake. Kijiprogramu hicho humpelekea dalali mahali simu ilipo, saa yenyewe, na namba ya utambulisho inayotumiwa na watu wa matangazo. Dalali humuuzia dalali mwenzake, naye humuuzia yeyote mwenye pesa. Desemba 2024, Tume ya Biashara ya Marekani (FTC) ilieleza kuwa kampuni ya Gravy Analytics ilijinadi kuwa inashughulikia taarifa zaidi ya bilioni 17 kila siku kutoka simu zipatazo bilioni moja. Watu mashuhuri bilioni moja hawapo duniani. Wiki chache baadaye kampuni hiyo ikadukuliwa.

Anayedhani hayo ni mambo ya Wamarekani na aikumbuke Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla. Novemba 2020, mwandishi Joseph Cox alifichua katika tovuti ya habari ya Motherboard kwamba programu hiyo, iliyokwisha kupakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa inaipa kampuni ya X-Mode taarifa za mahali watumiaji wake walipo. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa ulinzi, na kupitia kwao jeshi la Marekani. Mtu anaelekea kibla, taarifa zake zinaelekea kwa wanajeshi. Baada ya habari kutoka, Muslim Pro ilitangaza kuvunja uhusiano huo. Kabla ya hapo, muumini wa kawaida angejulia wapi?

Madalali hujitetea kwamba hawauzi majina. Utetezi huo ulikwisha vunjwa mwaka 2013, Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walipochambua miezi 15 ya kumbukumbu za simu za watu milioni 1.5. Nukta nne tu za mahali na wakati zilitosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Simu inayolala nyumba ile ile Mbagala na kushinda duka lile lile Posta ni ya nani, kama si ya mwenye duka? Jina la nini tena?

Halafu kuna hili la "si ulikubali mwenyewe." Ulikubali kuambiwa kama mvua itanyesha. Hakuna aliyekuuliza kama mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, anaweza kununua njia unayopita kila asubuhi. Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 kuhusu taarifa binafsi zinaipa ridhaa ya mwenye taarifa nafasi kubwa, na kwa mambo mengi hiyo ni sawa. Kwa biashara hii ridhaa ni kiini macho: anayekubali hajui mnunuzi wa tatu ni nani, na hata aliyemuuzia huenda hajui.

Atakayeumia si mkubwa, maana mkubwa ana walinzi na simu tatu. Ni mwanamke aliyemkimbia mume mpigaji. Mwaka 2019 Motherboard ilionyesha kwamba dola 300 zilitosha: msaka-watu alipewa namba ya simu, naye akaja na eneo ilipo simu hiyo jijini New York. Taarifa zilianzia kwenye kampuni ya simu yenyewe. Mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilikuja kuzitoza kampuni nne za simu faini ya karibu dola milioni 200 mwaka 2024, nazo zikakimbilia mahakamani.

Ramani za foleni ziendelee, na dereva wa bodaboda aendelee kumwona abiria wake. Kutumia taarifa ili kumhudumia mtu ni jambo moja, kuzipiga mnada ni jingine. Hilo la pili lipigwe marufuku, mwenye simu awe amekubali au hakukubali. Jimbo la Maryland, Marekani, limekwisha fanya hivyo: sheria yake ya 2024 inakataza kuuza taarifa nyeti za mteja, na mahali hasa alipo ni mojawapo. Wabunge wetu wa Dodoma na Nairobi waanzie hapo.