Ndege Kumi na Moja Katika Kopo

Juma lililopita mama mmoja wa hapa Nyangezi alitujia jioni, ameficha kopo la maziwa ya unga chini ya kitenge chake. Hakutaka kuketi. Alilimimina mezani petu, juu ya madaftari ya watoto, akasema: «Mwalimu, tazama kazi ya mwanafunzi wako. Mtihani u karibu, naye anachonga mabua. Niambie kama nizitie motoni.»

Zilikuwa ndege kumi na moja. Iliyo kubwa haikupita upana wa kiganja. Iliyo ndogo ingeweza kulala juu ya ukucha wa kidole gumba. Kiwiliwili cha kila moja kilichongwa katika nyama nyeupe ya ndani ya bua la mahindi. Mabawa yalikatwa kwa wembe katika ganda la bua lile lile, yakashikizwa kwa vijiti vyembamba kama sindano. Madirisha yalikuwa nukta za wino, moja moja. Twakiri kwamba tulisahau kumjibu mama, tukawa tunazihesabu nukta.

Kesho yake tulimwita kijana. Watoto wengi wa kwetu hupenda kuunda magari ya waya na ndege za miti, lakini huzifanya kubwa, za kukokotwa barabarani ili wenzao wazione. Tukamwuliza: mbona zako ni ndogo hivi? Alidhani tunamkaripia. Akainama, akajibu: «Ndivyo zinavyoonekana, Mwalimu.»

Mtoto huyu hajapata kuikaribia ndege hata siku moja. Alizoea kuzitazama zikipita juu ya milima kwenda Kavumu, hata mwaka 2025, mwezi wa Februari, waasi wa M23 walipouteka uwanja ule na safari za abiria zikakatika. Tangu hapo aziunda kwa kukumbuka. Kwetu sisi, ndege ya kiganjani ni ndege iliyopunguzwa. Kwake yeye huo ndio ukubwa wake halisi.

Tena hesabu yampa haki. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge ndege za mbao 500,000, ili askari wajifunze kutambua ndege za rafiki na za adui. Kipimo kilikuwa moja kwa 72: sentimeta moja ya mbao kwa sentimeta 72 za ndege ya kweli. Mfano wa namna hiyo ukishikwa mita 10 mbele ya macho, waonekana sawasawa na ndege yenyewe ikiwa mbali mita 720. Basi wale watoto hawakuwa wakicheza. Walikuwa wakiifundisha macho dunia ya watu wazima.

Ndege moja ya kijana wetu tuliitambua mara: Let 410, ile ya Wacheki yenye injini mbili na mabawa juu ya kiwiliwili, ichukuayo abiria wasiozidi 19. Ndege ya kweli ina urefu wa mita 14 na sentimeta 42. Mabawa yake, toka ncha hata ncha, yakaribia mita 20. Tulichukua rula. Ya mabua ilikuwa na urefu wa sentimeta 5, yaani kipimo cha moja kwa 288. Kwa kipimo hicho mabawa yangepaswa kuwa karibu sentimeta 7. Nayo yalikuwa sita na nusu. Upungufu wa milimeta nne na kitu: nani angeuona? Lakini tulipomwambia azidishe mara 288, alipata mita moja na zaidi, akashika kichwa. Hapo ndipo ilipo raha ya udogo, na taabu yake pia. Katika kitu kikubwa kosa la unene wa ukucha halidhuru; katika kitu kidogo laharibu ndege nzima.

Iko sababu nyingine. Mwaka 1878, huko Marekani, baba mmoja aliyekuwa askofu wa kanisa la Kiprotestanti aliwaletea wanawe kitu cha kuchezea cha mianzi na karatasi, kilichorushwa kwa mpira uliosokotwa. Alikibuni Mfaransa Alphonse Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville miaka 7. Waliunda vingine kwa kukiiga, kila mara vikubwa zaidi, na kadiri vilivyokua ndivyo vilivyokataa kuruka. Ukizidisha marefu, mapana na unene mara mbili, eneo la bawa huwa mara nne, lakini uzito huwa mara nane. Jambo hilo hawakulifahamu utotoni. Mwaka 1903 ndugu hao Wright waliruka kwa ndege yenye injini.

Hatusemi kwamba kijana wa Nyangezi atakuwa rubani. Kumtabiria kila mtoto hivyo ni kumchosha bure. Twasema tu kwamba alikuwa akishindwa kugawanya, na siku ile aligawanya kwa hiari yake, ndege baada ya ndege, hata kengele ikalia. Tulimwuliza pia kwa nini katika zote kumi na moja hamna ya vita. Alisema hizo hapendi kuzikumbuka. Hatukuendelea kumwuliza.

Mama tulimwomba asizitie motoni. Alikubali kwa masharti mawili: daftari kwanza, mabua baadaye, tena kopo lirudi jikoni, maana ndimo atiamo chumvi. Ndege sasa zalala katika kisanduku cha chaki dirishani petu. Zimekuwa kumi na mbili, na mabawa ya hiyo ya mwisho tumeyapima: sentimeta 7 kasoro unywele.